Gari la Veikka limemponda Jarmo

Raija mwenzangu, ule uvumi kwamba gari la Veikka linasita kisha linaruka ulininyima usingizi. Ni kweli!

Mwanangu Veikka aliosha chujio la hewa la injini, akalilowesha mafuta mno. Yakachafua sensa, kile kihisi kinachopima hewa iingiayo kwenye injini.

Rafiki yake Jarmo akamwambia, "Chomoa waya wa sensa, boya wewe!" Akachomoa.

Akatia gia. Likasita. Akakanyaga mafuta zaidi, likaruka na kumbana Jarmo, aliyesimama mbele, kwenye ukuta wa sauna, bafu letu la mvuke. Ukutani, Raija!

"Rudi nyuma, shetani!" Jarmo akapiga kelele. Mguu wake umevunjika, na bado alimpasua Veikka uso kwa spana. Damu mpaka mlangoni!

Mwambie mwanao Eetu:
Asiloweshe chujio.
Asichomoe sensa.
Asikanyage mafuta gari likisita.
Asisimame mbele yake, hata akiambiwa limepona.