Watu Wako wa Mbali, Da Rukia

Da Rukia mpendwa,

Siku hizi kila mtu ana makundi ya simu kiganjani, na hakuna anayeyashangaa. Mimi bado nashangaa, ndiyo maana nakuandikia mbele ya watu.

Wakumbuka siku daktari alipolitaja jina la ugonjwa wako? Lupus. Alisema kinga ya mwili wako imekugeukia wewe mwenyewe. Mama akauliza kama unaambukiza. Mtaani kwetu Kibokoni wengine walisema ni husuda, wengine jini. Ulikuwa ukifundisha darasa la tatu kule Tudor, hata vidole vikavimba usiweze kushika chaki. Ukakatazwa jua, ukabaki chumbani juu. Maumivu uliyastahimili. Lililokuvunja ni jingine. "Wananiona nimekaa tu," uliniambia, "wadhani nimekuwa mvivu."

Miaka ya tisini ilikuwa yaishia, nami nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tulikuwa na kompyuta moja yenye intaneti. Bwana Mwakio, Mtaita aliyekuwa mkuu wangu, akaniambia, "Andika jina la ugonjwa, tuone." Tukakuta kundi la wagonjwa wa lupus walioandikiana barua pepe kila siku. Nikawaandikia kwamba dada yangu yuko Mombasa na hajapata kumwona mgonjwa mwenzake hata mmoja.

Asubuhi ya pili nilikuta majibu mengi hata karatasi za printa zikaisha.

Nilikusomea kitandani pako, nikiyatia Kiswahili kadiri nilivyoweza. Joan wa Skotlandi alisema kila asubuhi mumewe ndiye humfungia vifungo vya nguo. Ukainua mkono.

"Hebu rudia hapo."

Nikarudia.

"Kumbe na yeye pia," ukasema, machozi yakakutoka.

Tangu hapo kila nikitoka kazini ilikuwa kusoma na kujibu. Kisha siku moja Joan akaandika kwamba ameacha dawa, amechoka, hataki tena. Ukaniagiza kalamu.

"Mwambie, mimi ni Rukia wa Mombasa. Leo nimeshindwa kujimwagia maji, mdogo wangu wa kike kaniosha. Nimeona haya, kisha nimekula, nimelala. Ya kesho siyajui. Na ameze dawa ya leo tu, nami nameza yangu."

Siku nne ukaniuliza kama kajibu. Siku ya tano lilikuja neno moja: "Nimemeza." Ulicheka hata Mama akapanda ngazi kuona kulikoni.

"Watu hamjaonana," akasema, "mwaaminianaje?"

"Wao wanajua, Mama," ukamjibu. Mama akatikisa kichwa, akashuka.

Figo zilipochoka hatukuweza kukuzuia. Ulituaga Alhamisi asubuhi, tukakuzika baada ya adhuhuri. Kesho yake Bwana Mwakio alikuja kutupa pole, nikamwomba awaandikie wenzako mstari mmoja. Siku ya tatu ya matanga alirudi na bunda la karatasi za majibu yao, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilisoma mbele ya wanawake waliojaa mkekani. Pedru, mwanamume wa Brazili, alisema amewasimulia watoto wake habari zako. Joan aliandika kwamba kama si wewe, yeye asingekuwapo kuandika. Wale waliotaja jini waliinamisha vichwa.

"Wote hawa walikuwa wakimjua mwanangu?" Mama akauliza.

"Wote, Mama."

"Nami nilikuwa chini nikidhani yu peke yake." Kisha akauliza, "Wana mama zao?"

"Wengine wanao. Wengine walishafiwa."

"Niandikie majina ya wasio nao."

Nikamwandikia, kisha nikamfundisha kuyatamka. Mama sasa ni mkongwe, na majina ya jirani zetu humpotea. Lakini akimaliza kuswali alfajiri huinua mikono akawaombea afya, mmoja mmoja: Joan, Pedru, Margareti. Mimi husimama mlangoni, nikiwaza ni nani aliyewaleta watu hawa katika dua za nyumba yetu. Ni wewe, dada, na ulikuwa huwezi hata kushuka ngazi.

Mungu akulaze pema, Da Rukia.

Mdogo wako, aliyekuwa akikusomea