Ni Mimi, Yaya, Si Mwizi

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Dowa
14 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Mathilde, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Baridi ya huko haijakushika miguu tena? Shemeji Robert na watoto wanaamka wazima? Sisi tunapumua. Mgongo unaniuma kwa kubeba saruji, ila nsima, huu ugali wa huku, tunapata.

Nakuandikia kwa mkono ili uutambue mwandiko wangu mbaya. Mama Ernestine amepata safari ya kuja mji wenu, naye ndiye aliyebeba barua hii. Yule aliyekuandikia mwezi wa saba kwamba Annuarite wangu amelazwa, utume pesa, hakuwa mimi. Mtoto ni mzima, anakimbia. Nilipokutafuta kwa simu ya kuazima ukanijibu, "Mwizi weye, usinitafute tena," ukaniziba nisikupate tena, sikukulaumu. Lakini tangu siku ile nimefungiwa pande zote. Huyo mtu amekamata email, amekamata Facebook, hata picha ya harusi yangu anaitumia.

Ilikuwa hivi. Kila mlango wa simu unataka neno lake la siri, na kichwa changu kikitoka kwenye mizigo hakishiki kitu. Basi nikaweka neno moja kote: namba ya karatasi yetu ya posho. Hiyo hata nikiota naijua. Kumbe nusu ya kambi tumefanya hivyo hivyo. Na siku ya posho namba hizo zinaitwa kwa kipaza sauti.

Lucie wa Uvira, anayetengeneza simu hapa sokoni, alicheka mpaka akashika meza. "Kaka Akili! Nyumba nzima kufuli moja, na ufunguo ndo wanautangaza kila mwezi!" Kisha akanifundisha. Kila mlango uwe na neno lake, refu, la maneno kadhaa ambayo mtu hawezi kuyabahatisha. La email liwe gumu kuliko yote, maana email ni mama: ukimshika, watoto wote umewapata. Yale mengine simu itayatunza yenyewe, mi nabeba mawili tu kichwani, la email na la simu. Hapo nimepumzika kidogo.

Ila hiyo email siwezi kuirudisha bila wewe. Ulinifungulia kwa namba yako, kwa hiyo kodi, zile namba za kuufungua mlango, itakuja kwenye simu yako. Na barua ya kutuita kwenye mahojiano ya kuja huko itaingia humo humo. Nisipoiona, zamu yetu inapita. Tangu tulipoamriwa kurudi kambini, chumba changu cha Area 25, kule mjini, kimekwisha. Mjini naenda kwa kibali na kurudi kwa kibali. Mlango uliobaki ni huo mmoja.

Mama Ernestine akifika atampigia Lucie. Jumapili itakayofuata, baada ya ibada, nitakupigia kwa simu ya Lucie. Pokea, lakini usinipe kodi kabla ya kuniuliza swali. Usiulize jina la mama, wala kijiji, wala mwaka tuliovuka ziwa. Hayo tumeyasema mbele ya meza nyingi mno, Yaya, si siri tena. Niulize ulinipa nini nishike mkononi tulipokimbia Fizi, ili nisilie.

Jibu siliandiki hapa. Katika ofisi zote tulizopita, hakuna aliyewahi kutuuliza hilo.

Msalimie sana binti yako Rosalie, na watoto wengine uwabusu. Mungu awafunike huko mliko, na mkono wake usiwaachie.

Wako akupendaye, yule yule,
Akilimali