Sanduku la Vitabu vya Wanamaji

Kizota, Dodoma
Machi 1993

Mjukuu wangu Swedi,

Marahaba, barua yako imefika. Mvua imegoma, na mama yako ananifokea, "Baba, tulia kitandani!" Situlii.

Unaishukuru serikali kwa sanduku la vitabu melini. Nakiri, mgawo wa serikali kwa wanamaji ulikoma. Vile ni vyangu. Sikutaka mkae baharini bila cha kusoma.

Unasema riwaya nene mnaikata vipande vitatu, watu watatu wasome pamoja. Sawa. Ila ile ya hakimu anayemhukumu mwanawe, mama yako aliipakia kimakosa nikiwa katikati ya kuisoma. Daktari hanipi muda mrefu. Mwenye kipande cha mwisho amalize haraka, akitume. Nataka kujua kama alimfunga.

Babu yako anayekungoja,
Rahimu