Mtamba wa Marehemu Mama

...Basi dada'angu, nilipokatizwa jana ni hapa: shemeji yako kaapa mtamba wa marehemu mama leo anakwenda kwa mchinjaji, maana wenzake wana ndama na yeye hata joto la kutaka dume hajaingia. Nimemtetea mpaka mdomo umechoka. Daktari wa mifugo alimpima damu, akakuta mafuta haba, akasema, "Mwili mkavu hivi utaita dume kwa nguvu gani?" Tukamlisha vizuri, kisha akamchoma sindano ya kuamsha joto, akatuagiza tukimwona anapanda wenzake, ndiyo dalili ya joto, tumwite aje ampandishe mbegu. Shemeji yako akacheka, "Bibi harusi wa sindano!" Sasa mchinjaji keshafika na kamba yake, nami nimejificha jikoni nakuandikia nisione. Ngoja, shemeji yako ananiita.

"Mama watoto, toka huko! Mtamba anapanda wenzake! Mpigie daktari, mchinjaji namrudisha!"

Mdogo wako, nakimbia.