Mwaka Huu Darrel Ajipikie

Jumapili, 15 Septemba 2024

Hasira zimenijaa, hata kalamu haishikiki. Baada ya ibada Mchungaji Lund katangaza karamu ya samaki wa magadi, wale wakavu wanaolowekwa magadi mpaka walainike. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba, ukumbi wa chini, tiketi kwa Joyce, mwenzetu wa jikoni. Sawa, ya kila mwaka hiyo. Halafu akaongeza kwamba kama kawaida mheshimiwa mbunge wetu atasema maneno machache kabla ya chakula, maana uchaguzi umekaribia na mwaka huu ana ushindi mkubwa wa kutueleza. Watu wakapiga makofi. Makofi, kanisani! Darrel kainuka pale kwenye benchi letu, shemeji yangu huyo, mdogo wake mume wangu Orrin, akapunga mkono kama bwana harusi.

Ushindi! Ushindi gani? Sheria ile. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye bunge la jimbo. Mimba isitolewe kwa sababu yoyote ile, isipokuwa mama awe anakufa. Anakufa kiasi gani? Hilo hawakuandika.

Sikupiga makofi. Nilikishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili. Orrin naye hakupiga, lakini huyo hapigi makofi hata timu ya shule ikishinda, kwa hiyo usiulize ana maana gani.

Na nani atapika hiyo karamu? Sisi. Wanawake wa jiko. Nami ndiye mkuu wa jiko tangu mama mkwe alipofariki. Nimpikie Darrel watu waje kumsikiliza wakiwa wameshiba? Thubutu.

Jumatatu, 16 Septemba

Kari kaja moja kwa moja kutoka benki, hajavua hata kitambulisho cha kazi shingoni. Ameshasikia. Mji wenyewe huu! Akasema, Mama, najua unapanga kitu, nakujua. Fanya utakalo, ila jina langu usilitaje.

— Hata kwa rafiki yangu Bev?

— Hata kwa Bev, Mama. Niahidi.

Nimeahidi. Naandika hapa tu, hapa hasomi mtu.

Watu wanajua Kari aliharibikiwa na mimba Februari. Walileta vyakula, walileta kadi. Hawajui yaliyotokea hospitali. Mimi najua, nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Chupa ilipasuka mimba ikiwa ya miezi minne. Daktari, binti mdogo tu, akatuambia mtoto hawezi kupona, hakuna njia. Lakini moyo wake bado unapiga, kwa hiyo tungoje. Tungoje nini, daktari? Akainamisha kichwa. Wanasheria walikwisha kumwonya. Tukangoja, usiku ukapita, mchana ukapita. Walikuwa wanangoja mwanangu augue vya kutosha! Homa ikapanda, akatetemeka mpaka vyuma vya kitanda vikalia, akawa ananiita kwa jina la bibi yake. Hapo ndipo walipokimbia kumtibu. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Alipona. Namshukuru Mungu. Waliomngojesha sijawasamehe na sina haraka.

Leo ndiyo kanieleza lingine. Yeye na mumewe Cody wanataka kujaribu tena kupata mtoto. Daktari kawaambia: ukishika mimba, hama, kakae jimbo la jirani mpaka ujifungue, maana hapa yakitokea tena tutakungojesha tena. Cody ameshaanza kutafuta nyumba kule. Wakienda hawarudi, nani arudi? Na mwanangu ni huyu mmoja tu.

Nikamuuliza, kwa nini usimweleze baba yako mdogo? Si ndiye mwenye sheria? Akacheka, kicheko kibaya. Alishampigia simu mwezi wa tatu, akamweleza yote, na homa na sumu. Darrel akamjibu: mwanangu, sheria ina kipengele cha kuokoa maisha, na wewe si umeokoka?

Si umeokoka! Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha jiko. Nilitaka kuanza polepole, nizungumzie viazi kwanza. Wapi! Nikalitapika lote: Darrel akipewa maiki, mimi sipiki.

 

Bev wa saluni kapiga meza. Nilidhani hutasema kamwe, Marlys! Mimi nasuka na kukata nywele za mji huu, nasikia wanawake wanavyoogopa, wanaongea maji yakiwa yanatiririka ili wenzao wasisikie. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Joyce ndiye aliyekataa. Akasema, mimi kutoa mimba sikubali, na wewe unajua. Nikamwambia sikuombi ukubali, nakuomba usimmenyee viazi. Akanitazama sana. Akasema, hii si siasa tu, iko usoni pako, tuambie sababu. Jamani, ulimi uliniwasha! Neno moja tu na jiko zima lingekuwa langu. Nikasema sababu ninayo, ila si yangu kuitoa. Basi akakunja aproni yake vizuri, akasema atawasaidia wanaume wakilishika jiko. Hakuna aliyemtupia neno baya. Joyce si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma.

Wazo la Bev: hatupiki, lakini tutakula! Tunanunua tiketi kama wageni wengine. Tunakaa meza ya mbele, pua kwa pua na maiki. Tumecheka mpaka machozi. Sijacheka hivyo tangu baridi ile.

Ijumaa, 20 Septemba

Darrel kaja mwenyewe. Orrin yuko shambani anavuna na kombaini, nadhani ndiyo maana alichagua saa ile. Kavua kofia, kakaa kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa. Nikampa kahawa, ndivyo nilivyolelewa. Keki ilikuwepo na sikuitoa.

— Shemeji, nasikia umefanya mapinduzi.

— Umesikia vizuri.

— Samaki na siasa wapi na wapi?

— Wewe ndiye unayehutubia mbele ya samaki, si mimi.

Akacheka kile kicheko cha kwenye mabango yake ya kampeni. Akasema wanawake wa kaunti hii wako naye. Nikamwambia basi wape sufuria hao. Kicheko kikakauka. Akashusha sauti: kama hii ni habari ya Kari…

Weee! Nilisimama sijui saa ngapi. Nikamwambia, jina hilo usiliguse humu ndani. Akasema anamwombea kila siku. Nikamwambia, Darrel, mtoto hakukupigia simu umwombee, alikupigia umsikilize. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Akasema sikuelewi siku hizi, ulikuwa mama wa heshima. Mimi bado wa heshima, shemeji, ndiyo maana nakuonyesha mlango kwa mkono. Kaacha kahawa nusu na kofia kaivaa akiwa bado ndani.

 Nilisema!

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani. Mama mmoja kaniambia kwa sauti, mbele ya watoto, kwamba natumia nyumba ya Mungu kuua vichanga. Nikamwambia njoo tukae, tuongee, nami nitakusikiliza mpaka mwisho. Akageuka. Mwingine, ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya habari za asubuhi, kanibana mkono kwenye foleni ya kahawa, kaniachia, kaenda zake. Macho yamejaa machozi.

Jioni nimechomeka bango la Renae kwenye majani yetu, upande wa barabara. Renae daktari wa mifugo, anayegombea dhidi ya Darrel. Wanasema atapata kura za ng'ombe tu. Tutaona. Orrin kaliona bango, akalizunguka na mashine ya kukata majani. 

Alhamisi, 26 Septemba

Kumbe! Kumbe Orrin yumo kwenye orodha ya wapishi! Nimesikia kwa Bev, si kwake. Wanaume wameunda kamati, na mume wangu ni wa kuchemsha samaki.

Nimemuuliza wakati wa chakula. Orrin, unanisaliti jikoni kwangu mwenyewe? Katafuna kwanza. Kasema Mchungaji alimwomba. Basi ukiombwa tu! Kasema, kuna wazee wanaoila karamu hii mwaka mzima kwa mawazo, nao hawana kosa. Nikamuuliza: na Kari? Yeye ana kosa gani? Kaweka uma chini. Kasema, ni mdogo wangu, Marlys, mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha trekta.

Na mimi ndiye niliyemzaa Kari. Nimelala chumba cha Kari. Yeye na mdogo wake walale.

Jumanne, 1 Oktoba

Bango limeng'olewa. Nimeweka jingine. Renae alinipa mawili, moja la akiba.

Jumatano, 9 Oktoba

Samaki wamefika, ukumbi wote unanuka, harufu nimeisikia mpaka barabarani. Samaki huyu haendi kwa maguvu. Anafungwa kwenye kitambaa, anaingia maji ya chumvi yanayochemka, unasimama naye, macho hapo hapo. Ukigeuka kupiga soga, amekuwa uji.

Joyce kapiga simu. Kwa aibu, namsikia. Marlys, anaingia maji yakiwa ya moto au ya baridi? Moyo ulinivuta, kweli. Miaka yote hii sijawahi kumnyima mtu jibu la jikoni. Nikasema, mwulize mheshimiwa. Nikakata. Bev alipohadithiwa alicheka mpaka akaegesha gari pembeni.

Lakini la leo ni jingine. Kari kapiga simu mchana. Anauliza kama kiti kipo meza ya mbele. Wewe? Samaki huyo si humpendi tangu utoto? Kasema, siji kula, Mama. Nikauliza unataka nifanye nini. Kasema usifanye kitu. Kaa tu karibu yangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Shajara nimeiacha nyumbani. Naandika kwenye leso za karatasi za meza, nitabandika baadaye. Nisipoandika nitasema, na niliahidi.

Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Sisi tumeketi mbele, mikoba mapajani. Samaki amekuja — uji mtupu! Unatetemeka kwenye sinia. Wazee wanaumiminia siagi na kuula kwa kijiko, wamenyamaza kama msibani. Bev haniangalii, tutacheka. Kababu zimeungua. Chapati za viazi ni nzuri, hizo za Joyce. Nimemwambia hivyo aliposogea na sinia. Kasema asante, kabaki amesimama.

Kari kulia kwangu. Kavaa gauni la bluu. Sahani yake haijaguswa.

Mchungaji kasema mwaka huu hotuba inakuja baada ya kula, maana jiko lilichelewa. Darrel kashika maiki. Kawashukuru wanaume wa jikoni, watu wakacheka. Kasema wapo wachache waliokasirika. Kanitazama mimi, katabasamu. Kasema mavuno. Kasema barabara. Sasa yuko kwenye sheria. Kasema wapinzani wanawatisha wanawake kwa hadithi za kutunga. Kasema — naandika kama alivyosema — tangu sheria hii ipite, hakuna mwanamke hata mmoja wa kaunti hii aliyedhurika. Hata mmoja.

Anajua! Aliambiwa kwa simu, kwa sauti yake mtoto mwenyewe, na anajua! Na Kari yuko hapa, mbele ya macho yake!

Meno yananiuma nilivyoyabana.

Kari kakunja leso yake. Kainuka. Nimemshika kiganja, kanibana, kaniachia.

Darrel kamwona, anaendelea kuongea, nadhani anafikiri anaenda kuchukua kahawa. Haendi kwenye kahawa. Anakwenda mbele. Sauti ya Darrel imepungua. Anasema, Kari, mwanangu, maswali baadaye. Kari kasimama mbele yake, karibu kabisa. Kanyosha mkono.

— Nipe maiki, baba mdogo.

 Darrel anacheka peke yake. Anatazama mlango wa jikoni, swichi ya spika iko pale, na Orrin kasimama hapo na aproni ya maua. Darrel kamwambia kwa maiki, tumesikia wote: kaka, zima hiyo.

Orrin anamtazama mdogo wake. Kauegemeza mgongo ukutani, kaifunika swichi, asiizime mtu. Mikono kaitia kwenye mifuko ya aproni.

Darrel kasema tena, kaka. Orrin hajasogea.

Kari hajashusha mkono.