Kunyolewa kwa Hana

Chang'ombe, Dodoma
2 Oktoba 1995

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ndola, na kwamba magoti yamepunguza ukali. Sisi hatujambo. Mvua bado, vumbi ndilo linalotutawala.

Nakuandikia kwa ajili ya Hana, mjukuu wako. Ametimiza miaka saba. Bado hazungumzi kama wenzake. Hurudia sentensi alizosikia, za redioni hasa, na ukimsomea jambo mara kumi hulishika kama lilivyo, neno kwa neno. Mwalimu Anyesi, anayefundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, anasema hali hiyo huitwa otizimu. Mimi nilikuwa nikiita adhabu. Sasa siiti hivyo.

Kitengo kina nafasi moja. Hana ataipata shule ikifunguliwa tarehe 15 Januari, ila mwalimu mkuu anataka kila mtoto awe amenyoa, na hana mchezo na hilo. Asiponyolewa, nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine.

Wewe hukuwepo siku ya kuanua tanga la mama kule Bahi, kwa hiyo nikueleze. Ukoo wote ulinyolewa kwa wembe, kama ilivyo desturi. Hana alikataa. Shangazi watatu walimlaza mkekani, wakamshika kichwa na miguu mpaka wakamaliza. Tangu hapo hakuna anayemgusa nywele, hata mimi.

Mwalimu Anyesi alirudi na karatasi kutoka semina ya Dar es Salaam. Inasema mtoto wa namna hii aandikiwe kisa kifupi, kana kwamba ni yeye anayesema: nitakwenda wapi, nitaona nini, watu watafanya nini, mimi naweza kufanya nini. Asomewe kila siku kabla ya tukio. Mimi nimejaribu, ikatoka kama hotuba. Wewe umesahihisha vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka yote. Niandikie, Baba.

Mwanao,
Emilia

Ndola
21 Oktoba 1995

Mwanangu Emilia,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mu wazima. Magoti ni yale yale. Mama yako mdogo anayakanda kwa mafuta ya moto na kuyasema vibaya.

Tangu niondoke Dodoma mwaka 1966 hakuna mtu aliyeniomba niandike chochote. Nilikuwa nasahihisha ya wengine. Nimeandika mara tisa, nikapunguza kila mara. Hiki hapa:

*Jina langu ni Hana. Leo naenda kunyolewa. Kinyozi yuko nje ya soko. Ana kigoda, kioo kidogo na mkasi. Nakaa juu ya kigoda. Mkasi unasema kacha, kacha. Nywele zinaangukia gunia. Siumii. Kinyozi akimaliza, narudi nyumbani na mama.*

Msomee polepole. Nakuombeeni.

Baba yako,
Silvano

Chang'ombe
14 Novemba 1995

Baba,

Shikamoo. Hatujambo kiasi.

Nilimsomea Hana siku kumi na nne. Alikipenda. Alikuwa akizunguka nyumba akisema kacha, kacha, na mara mbili alikaa mwenyewe juu ya kigoda. Jumamosi nikampeleka.

Baba, kinyozi wa nje ya soko hayupo tena. Siku hizi kuna saluni. Ya Damas iko karibu nasi, ina mlango wa bati na kioo ukuta mzima, naye hutumia mashine ya umeme. Hana alitafuta gunia sakafuni. Alitafuta kigoda. Damas akawasha mashine karibu na sikio lake. Hana akamng'ata kifundo cha mkono, akatoka mbio hadi barabara kuu. Lori lilisimama mbele yake, dereva akashuka. Nilipomkamata, mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinifuata kuniambia mtoto huyu amekosa fimbo tu.

Nilitaka kukuandikia maneno makali siku hiyo hiyo, nikajizuia, kwa sababu kosa ni letu sote. Niliposoma kisa chako niliona kwamba hakuna mkasi wala gunia hapa. Lakini ni mwandiko wako, na umeandika vizuri, nikaona haya kukifuta kitu cha baba yangu. Nikadhani haidhuru. Mwalimu Anyesi alipokisoma alisema, "Kisa hiki ni kizuri, ila mtoto wa kisa hiki ni baba yako."

Nimerudi kwa Damas kumwomba radhi. Ananiita dada, na ana kitambaa mkononi. Alisema, "Mteja wangu kaninyoa mimi kwanza." Kisha akaniruhusu nikae saa nzima niandike ninachokiona. Kiti ni chekundu, kinazunguka, kimepasuka pembeni. Kuna harufu ya spiriti. Shuka hufungwa shingoni, lakini anaweza kuliacha. Mashine ni nyeusi, ina waya, inanguruma kama nzi ndani ya chupa. Umeme hukatika. Jumatatu asubuhi hakuna wateja.

Zimebaki karibu wiki tisa. Hana amerudi kulala chini ya kitanda. Andika tena ukiweza.

Mwanao,
Emilia

Ndola
2 Desemba 1995

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Namshukuru Mungu kwa breki za lori lile. Mwambie Damas namwombea mkono wake upone.

Nilimwandikia Hana mji ninaoukumbuka nikadhani ndio mji. Kwa mtu aliyeishi kwa kusahihisha makosa ya wengine, hilo si kosa dogo. Na siku ya tanga la mama yako sikuwepo. Sina la kusema juu yake litakalokuwa sahihi, basi sitasema.

Safari hii futa unachotaka. Nimeandika kwa penseli makusudi.

*Jina langu ni Hana. Watoto wa shule hunyoa nywele. Saluni ya Damas ina kiti chekundu. Kiti kinazunguka. Kuna harufu ya spiriti. Damas ana mashine nyeusi. Inanguruma kama nzi ndani ya chupa. Naweza kuishika kwanza. Mashine ikigusa kichwa, inatetemeka. Huenda nisipende. Nikisema basi, Damas anazima. Hakuna mtu atakayenishika. Mara nyingi umeme upo. Wakati mwingine umeme unakatika. Tunasubiri.*

Neno "siumii" nimeliondoa. Sijui kama ataumia, na wewe hujui. Lakini sentensi ya "hakuna mtu atakayenishika" iko mikononi mwako. Ukiona huwezi kuilinda, ifute kabla hajaisikia hata mara moja.

Niandikie upesi, lolote litakalotokea.

Baba yako,
Silvano

Ndola
3 Februari 1996

Emilia mwanangu,

Hamjambo? Nauliza kwa sababu sijui. Wiki tisa zimepita. Shule imefunguliwa na sina habari. Nimekwenda posta mara nyingi hadi karani akiniona tu anatikisa kichwa.

Kama nafasi imekwenda kwa mtoto mwingine, niambie. Kama Hana amekimbia tena, niambie hilo pia, hata kama mwisho wake ni mbaya. Kama umekasirika, hiyo ni haki yako; andika mstari mmoja tu kwamba umekasirika.

Baba yako,
Silvano

Chang'ombe
19 Februari 1996

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sisi ni wazima, wazima kabisa. Nisamehe. Soma hadi mwisho utaelewa.

Kisa sikukifuta hata neno, na Damas naye nilimsomea. Tulikwenda kwake Jumatatu nne. Ya kwanza Hana alishika mashine ikiwa imezimwa, akainusa. Ya pili iliwashwa mkononi mwake. Ya tatu ilimgusa kichwani. Alisema basi mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Damas alizima. Tukarudi nyumbani na mstari mmoja juu ya sikio, kama njia ya mbuzi.

Ya nne ilikuwa tarehe nane Januari. Shangazi Edina alikuwa amekuja kutoka Bahi, akatufuata. Ni mmoja wa wale watatu. Mashine ilipofika kisogoni Hana akaanza kuyumba, na shangazi akanyoosha mikono amtulize kichwa. Mimi nilikuwa mbali, nikainuka. Damas akazima mashine, akasema taratibu, "Mama, toa mikono. Imeandikwa."

Shangazi akaitoa. Akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa khanga hadi tulipomaliza.

Kichwa kilipokwisha, Hana hakushuka. Alikuwa akitazama taa. Akasema, "Wakati mwingine umeme unakatika." Haukuwa umekatika hata siku moja, Baba, naye alikuwa akingoja ukatike tangu Jumatatu ya kwanza. Damas akaenda ukutani akazima swichi. Tukakaa bila taa sote wanne. Hana akasema, "Tunasubiri." Tukasubiri. Taa ilipowaka, akashuka.

Mwalimu mkuu alimpitishia kiganja juu ya kichwa, bila kumgusa, akaandika jina lake daftarini. Hana ana dawati lake, pembeni, karibu na mlango. Wiki ya kwanza alilia. Ya pili alilia kidogo. Sasa ananitangulia njiani.

Na kimya changu ni hiki. Kwa miaka saba sijawahi kuwa na asubuhi yangu. Namfikisha saa mbili, namchukua saa sita. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani na kalamu nikuandikie, nikashtuka ni saa tano na nusu. Kesho yake vilevile. Mwezi mzima vilevile. Jirani yangu Joha alikuja kuniuliza kama naumwa au nina mimba.

Nakutumia na karatasi nyingine tatu, usidhani zimechanganyika. Zote zimeandikwa "Shikamoo Baba", na hapo ndipo usingizi uliponichukua.

Mwanao,
Emilia