Mdogo Wangu Joyce

Jumatatu, 5 Machi 1951

Bwana Feldstrom, mkuu wa studio, kapiga simu saa tatu asubuhi, sauti tamu ajabu. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Ile filamu ya mwaka jana, ambamo nilicheza mama anayemwozesha binti, imejaza majumba ya sinema nchi nzima. Sasa studio inataka ya pili. Humo binti kapata mimba, mimi nakuwa bibi. Bibi!

"Malkia wangu, ni mvi kidogo tu mapanjani," kasema. Kidogo! Rex Thornbury, mume wangu wa kwenye filamu, ana sitini na moja na kila asubuhi wanampaka rangi nyeusi. Yeye atakuwa babu kijana.

Kwa mujibu wa studio nina miaka thelathini na saba. Ninayo tangu wakati wa vita.

Jumatano, 7 Machi

Nimekubali. Ningekataa, wapo kumi mlangoni wameshajipaka mvi.

Chakula cha mchana na Joyce. Mimba ya miezi minane, tumbo linaingia mgahawani kabla yake. Mhudumu kaja, Joyce kaniita "Dada" kama kawaida. Wazo la ofisi ya matangazo ya studio, Joyce alipokuwa na miaka kumi: nyota hawezi kuwa na binti mkubwa hivi, basi tuseme mdogo wake. Nikatia sahihi bila kusoma ukurasa wa pili. Mtoto akajifunza upesi. Upesi mno.

"Na huyu akizaliwa," kasema akijipapasa tumbo, "atakuita mama mkubwa?"

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 20 Machi

Leo tumepiga kipande cha filamu chenye mjukuu. Mtoto wa kukodi, nusu dakika tu chini ya taa, kisha nesi mwenye saa anamnyakua kama mkate unaoungua. Nimempokea, nimemkinga shingo, nimemlaza begani. Kanyamaza papo hapo.

"Kata! Wewe umeyajulia wapi haya?" mwongozaji kaniuliza mbele ya watu wote. Nikasema nilimlea mdogo wangu. Rex kanikonyeza. Anajua, mzee yule mnafiki! Usoni poda, tumboni mkanda wa kubana, halafu anikonyeze mimi.

Lakini kichwa cha yule mtoto kilinukia maziwa. Nimelia kwenye chumba cha kuvalia, na rangi yote ya macho ikaharibika.

Alhamisi, 22 Machi

Simu mbili. Feldstrom: mkataba wa miaka mitano uko tayari, sahihi Jumatatu. Ila magazeti yakinusa uongo wowote, anauchana. Kana kwamba uongo si wa ofisi yake!

Kisha Joyce. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema siku akijifungua anamtaka mama yake kitandani kwake. "Ukija kama dada, bora usije. Na mtoto hutamwona."

Jumamosi, 24 Machi

Hospitali, saa tano asubuhi. Naandika kwenye ukumbi wa kusubiri. Ni msichana! Walt, mume wa Joyce, anavuta sigara mbili kwa pamoja na kumshukuru kila apitaye, hata mfagizi.

Studio imemtuma mpigapicha. Anataka dada mwema na shada la maua. Kamera iko usoni kwangu tangu niingie.

Nesi kaleta fomu. "Samahani, mama, leo wanaingia mume na mama mzazi tu. Wewe ni nani wake?"

Nimejaza jina. Anwani. Namba ya simu. Nimejaza hata dhehebu, na kanisani sijakanyaga tangu nibatizwe. Imebaki nafasi moja: uhusiano na mgonjwa. Mpigapicha kasogea, anachungulia begani kwangu. Walt kaacha kuvuta.

Mlango wa chumba uko wazi kidogo. Namsikia Joyce, sauti imechoka: "Mama yangu amefika?"

Nesi ananyoosha mkono apokee fomu. Nimemwambia kalamu imeisha wino. Kaenda kutafuta nyingine, nami naandika haya kwa kalamu hii hii—